Faida ipo kwenye karatasi, mishahara inachelewa: nitajuaje kama hesabu zimepikwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Sehemu ya kiinua mgongo changu niliiweka kwenye hisa za kampuni inayosaga sembe na kutengeneza chakula cha mifugo, na mwaka juzi wanahisa walinichagua kuingia kwenye bodi. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka ulioishia Desemba zinaonyesha mauzo yamepanda kutoka Sh bilioni 2.4 hadi bilioni 3.1, na faida baada ya kodi ni milioni 210. Lakini mishahara ya Februari ililipwa katikati ya Machi, na wauza mahindi wanapiga simu hadi kwangu nyumbani. Nilipouliza kikaoni, meneja wa fedha alinijibu, "Mama, faida siyo fedha taslimu." Wajumbe wakacheka, tukaendelea na ajenda. Mimi si mhasibu. Kuna dalili gani ambazo mtu kama mimi anaweza kuziona, zikamwonyesha kwamba hesabu zimepikwa?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na huyo meneja wa fedha, kwa sababu alichokisema ni kweli. Viroba vya sembe vikitoka ghalani Novemba kwenda shule ya bweni, mauzo yanaandikwa Novemba hiyo hiyo na faida inahesabiwa, ingawa shule italipa Januari wazazi wakishaleta ada. Kampuni inayokua haraka inaweza kabisa kuwa na faida halali na bado ikakosa mishahara. Nimeziona za namna hiyo hapa Arusha, na waliokuwa wakiziongoza walikuwa watu waaminifu. Ila alikujibu nusu. Nusu nyingine ni hii: kama faida haijawa fedha, imekuwa nini? Iko kwa nani, na itarudi lini? Wajumbe walicheka kabla hayo hayajaulizwa, na hapo ndipo kikao kilipokosea, si wewe.

Katika kurasa ulizonitumia, upo mmoja ambao wajumbe wengi wa bodi huuruka: taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonyesha fedha taslimu zilizoingia na zilizotoka. Wenu unasema shughuli za biashara zimekula Sh milioni 165, mwaka ule ule wa faida ya milioni 210. Sasa geukia mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, mstari wa wadaiwa: wateja waliochukua mzigo na hawajalipa. Mwaka uliotangulia walikuwa milioni 300. Mwaka huu ni milioni 920. Chukua kikokotoo cha simu. Gawanya 300 kwa 2,400 (mauzo ya mwaka huo kwa milioni), zidisha kwa 365, unapata siku 46: huo ndio muda ambao wateja wenu walikuwa wakichukua kulipa. Fanya hivyo kwa 920 na 3,100, unapata siku 108. Tena tazama jambo moja lililonifanya nisome kurasa zako mara mbili. Mauzo yameongezeka kwa milioni 700, wadaiwa wameongezeka kwa milioni 620. Yaani karibu ongezeko lote ambalo bodi ililipigia makofi bado liko mikononi mwa watu, kama hao watu wapo.

Mwaka 1999 profesa Messod Beneish wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alichapisha kanuni yenye vipimo vinane vya kutofautisha kampuni zilizochezea hesabu na zisizochezea. Kimojawapo ndicho hiki tulichokigusa: uwiano wa wadaiwa kwa mauzo mwaka huu, ugawanywe kwa uwiano wa mwaka jana. Kwa kampuni zilizobainika kuchezea, wastani ulikuwa karibu 1.47, kwa nyingine ulikuwa 1.03. Yenu inatoka 2.37. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell walitumia kanuni hiyo mwaka 1998 wakaitilia shaka Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, miaka mitatu kabla haijafilisika. Lakini, Mwalimu, usiende na namba hii kikaoni ukamnyooshea mtu kidole. Beneish alipima kampuni za soko la hisa la Marekani, si vinu vya Kilimanjaro, na kampuni iliyoamua mwaka huu kukopesha wateja wapya ingeonyesha namba hiyo hiyo bila dhambi yoyote. Kipimo hiki ni kama kipimajoto. Kinakuambia mtoto ana homa, hakikuambii kama ni malaria.

Ili kujua kama ni malaria, inabidi utoke nje ya vitabu. Ndilo jambo kubwa ninalotaka ulibebe. Anayepika hesabu ana mamlaka juu ya daftari lake, ankara zake na programu yake ya uhasibu. Akitaka jumla zikubaliane, zitakubaliana. Hesabu zilizopikwa vizuri huwa safi kuliko za kweli. Ambacho hana mamlaka nacho ni taarifa ya benki, mita ya TANESCO, mzani wa ghalani, mteja aliye Same au Babati, na kuli aliyepakia gari. Kila unapoweka kitabu karibu na kitu cha namna hiyo, uongo unakosa pa kujificha.

Kwenu ningeanza na fedha zilizopokelewa baada ya mwaka kufungwa. Omba orodha ya wadaiwa wa tarehe 31 Desemba, jina kwa jina, pamoja na tarehe ya ankara ya kila mmoja. Kisha omba taarifa ya benki ya Januari hadi Aprili, ile inayotoka benki kwenyewe, si jedwali lililochapwa ofisini. Mdaiwa wa kweli aliyechukua unga Novemba anatakiwa awe ameanza kulipa kufikia Aprili. Ukikuta shule zimelipa Januari na Februari, pumua. Meneja wako alikuwa sahihi na tatizo lenu ni la kukopesha bila mpango. Ukikuta majina makubwa kumi hayajaweka hata shilingi, endelea kuchimba. Na uangalie hati za kurudisha mzigo za Januari. Ujanja wa zamani kuliko yote ni kuandika mauzo makubwa wiki ya mwisho ya Desemba, halafu wiki ya pili ya Januari mzigo "unarudishwa kwa sababu ya ubora." Mwaka umeshafungwa na faida imeshatangazwa, nani atakumbuka?

Halafu pumba. Kinu chenu kinakupa faida ambayo mkaguzi wa kampuni ya bima hana: mahindi hayasemi uongo. Kila tani ya mahindi inayokobolewa inatoa sembe na pumba, na kiasi kidogo kinapotea. Uwiano wa kinu chenu mnao tayari kwenye kumbukumbu za miaka iliyopita. Msimamizi wa kinu anaujua kwa kichwa. Ulizia kilo, usiulizie shilingi, kwa sababu bei ya unga ikipanda mauzo yatapanda bila kusaga hata debe moja zaidi. Kama kilo za sembe zilizouzwa zimepanda kwa robo, pumba nayo ilipaswa kupanda, iwe imeuzwa au imeingia kwenye chakula cha mifugo. Mahindi yaliyonunuliwa yalipaswa kupanda. Bili ya umeme ilipaswa kupanda. Viroba vitupu vyenye nembo yenu vilipaswa kununuliwa vingi zaidi. Huwezi kuuza viroba elfu kumi vya ziada bila kuvinunua kwanza kwa anayevichapisha. Kama sembe imepanda na hivyo vinne vimesimama palepale, sembe hiyo ilisagwa kwenye kompyuta.

Jumla ya mauzo ilinganishwe pia na ripoti za mwaka mzima za EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi, na ritani ya kodi ya mapato iliyopelekwa TRA, mamlaka ya mapato. Ritani inatakiwa ndani ya miezi sita tangu mwaka wa hesabu uishe, kwa hiyo yenu mwisho wake ni Juni. Makadirio ya kodi, ambayo hulipwa kwa awamu nne, yaliwasilishwa mapema zaidi. Kuna tabia mbaya ambayo sote katika kazi hii tunaijua na tunaionea haya: seti moja ya hesabu yenye faida ndogo kwa ajili ya TRA, nyingine yenye faida nono kwa ajili ya benki na wanahisa. Mjumbe wa bodi ana haki ya kuziona zote. Ziweke mezani pamoja. Zikitofautiana, hata moja isiaminiwe mpaka ielezwe kwa maandishi.

Sasa ghala, na hapa naomba nikusimulie. Nikiwa mkaguzi mchanga nilipelekwa kuhesabu mbolea kwenye ghala la kampuni moja hapa Arusha, siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu. Mifuko ilikuwa imepangwa kama nyumba, safu kumi na mbili kwenda juu, inapendeza. Nilihesabu upande wa mbele, nikahesabu ubavu, nikazidisha, jibu likakubaliana na daftari karibu mfuko kwa mfuko. Mtunza ghala akaniletea soda. Nilikuwa nimeshafungua kalamu kutia saini fomu ya kuhesabia, kijana mmoja wa kupakia mizigo akapita nyuma yangu na toroli, akasema taratibu bila kunitazama, "Kaka, panda juu." Nikaomba ngazi. Mtunza ghala akasema ngazi imeazimwa. Nikapanda mifuko yenyewe, viatu mkononi, nikafika juu nikachungulia. Katikati palikuwa na shimo. Zilikuwa kuta nne tu za mbolea, na ndani yake mbao za kupangia mizigo na makreti matupu ya bia. Zaidi ya nusu ya mzigo haukuwepo. Mpaka leo najiuliza ningekuwa wapi kama yule kijana angeamua kunyamaza.

Kwa nini mzigo hewa unaongeza faida? Kwa sababu gharama ya bidhaa zilizouzwa hupatikana kwa kutoa mzigo uliobaki. Ukidai umebaki mzigo wa milioni 200 ambao haupo, gharama inashuka kwa milioni 200 na faida inapanda kwa kiasi hicho hicho, bila kumdanganya mteja wala kughushi ankara hata moja. Kwa hiyo siku ya kuhesabu nenda mwenyewe, na ufike bila kutangaza. Hakikisha milango yote ya ghala inahesabiwa siku moja, kwa sababu mzigo una miguu. Unaweza kuhesabiwa Moshi asubuhi na ukahesabiwa tena Himo jioni.

Njia nyingine haigusi mauzo wala mzigo. Inachukua matumizi ya kawaida na kuyaita mali. WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilifanya hivyo: malipo ya kutumia mitandao ya kampuni nyingine, ambayo ni gharama ya kila siku, yakaandikwa kama mtaji uliowekezwa. Aliyefumbua alikuwa mkaguzi wa ndani, Cynthia Cooper, na timu yake ndogo, wakifanya kazi usiku ili wasishtukiwe. Juni 2002 kampuni ikakiri dola bilioni 3.8, na kiasi kiliendelea kukua baada ya hapo. Kwenu swali ni rahisi. Mstari wa mitambo umeongezeka kiasi gani, na hiyo mitambo mipya iko wapi? Nenda ukaiguse. Kama "mtambo mpya" ni mikanda, beringi na mafundi waliokarabati kinu cha zamani, hayo ni matengenezo, na yalipaswa kupunguza faida ya mwaka huu.

Kuhusu fedha zilizoko benki watu hulala usingizi, wakidhani haziwezi kudanganya. Parmalat, kampuni ya maziwa ya Italia, ilianguka Desemba 2003 baada ya Bank of America kusema kwamba akaunti ya karibu euro bilioni 4 iliyotajwa kwenye hesabu haipo, na barua iliyoithibitisha ilikuwa ya kughushi. Wirecard, kampuni ya Ujerumani ya kushughulikia malipo, ikafuata mwaka 2020, euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa kwenye benki za Ufilipino hazikuonekana. Kwa hiyo muulize mkaguzi wenu wa nje jambo moja tu: barua ya benki uliipokea moja kwa moja kutoka benki, au ililetwa na mhasibu wetu ndani ya bahasha? Jibu la pili halitoshi, hata kama mhasibu ni shemasi.

Ipo pia kanuni ya Benford, inayosema kwamba kwenye orodha ndefu ya kiasi cha fedha kilichotokea chenyewe, karibu asilimia 30 huanza na tarakimu 1 na chini ya asilimia 5 huanza na 9. Wakaguzi tunaitumia kwenye maelfu ya miamala. Kwa kurasa zako nne haitakusaidia, iache.

Kitakachokusaidia kuliko kanuni ni kuwaangalia watu. Donald Cressey, msomi wa Marekani, aliwahoji wafungwa waliokuwa wameaminiwa fedha wakazila, na mwaka 1953 akaeleza mambo matatu yanayokutana: shinikizo, mwanya, na sababu ambayo mtu anajipa ili dhamiri imwache alale. Yeye alikuwa akizungumzia wizi, lakini kwenye hesabu za kupikwa ni hayo hayo. Kwenye kampuni yenu, nani anabanwa? Je, mkopo wa benki una sharti la kufikisha faida fulani? Je, meneja mkuu analipwa bonasi kwa faida? Kama ndiyo, shinikizo lipo. Mwanya nao: nani anaandika ankara, nani anapokea fedha, nani anafanya usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari na taarifa ya benki? Ikiwa ni mtu mmoja, na mtu huyo hajachukua likizo miaka mitatu, usimsifu kwa uchapakazi. Mpeni likizo ya siku 28 kamili, kiti chake kikaliwe na mwingine, mwone kitakachojitokeza. Nina mashaka makubwa na mhasibu asiyeweza kuondoka ofisini, kuliko na mhasibu anayekosea.

Angalia pia ndugu. Kampuni zetu nyingi za huku zimejengwa na ukoo, na hilo si kosa. Bila shemeji na binamu nyingi zisingeanza. Lakini kampuni ya mke wa meneja ikinunua unga wa milioni 180 mwezi Desemba, lazima iandikwe hivyo kwenye maelezo yanayoambatana na hesabu, na bodi iwe imeridhia. Ichukue ile orodha ya wadaiwa, usome majina yasiyo na shule, duka wala kinu nyuma yake. Kumbukumbu za BRELA, wakala wa kusajili kampuni, zitakuonyesha wakurugenzi wao ni akina nani.

Utaniuliza, mkaguzi wa nje alikuwa wapi? Pengine aliona, pengine hakuona. Kwanza hakikisha amesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, na kwamba si yeye aliyewaandalia hizo hesabu halafu akajikagua. Soma ripoti yake neno kwa neno, hasa aya inayoanza kwa "isipokuwa" au inayozungumzia uwezo wa kampuni kuendelea. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinamtaka achukulie tangu mwanzo kwamba mauzo yanaweza kuwa yamechezewa, na kwamba menejimenti inaweza kuruka taratibu zake yenyewe. Bodi ina haki ya kukutana naye bila menejimenti kuwepo. Ombeni kikao hicho. Lakini usimtegemee yeye peke yake. Ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, inaonyesha asilimia 43 ya visa viligunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa, na zaidi ya nusu ya watoa taarifa hao walikuwa wafanyakazi. Ukaguzi wa nje uligundua asilimia 3 tu. Ni yule kijana wa toroli. Yupo kwenye kampuni yenu pia, na nina hakika ameshajua. Swali ni kama kuna mlango wa kumfikisha kwenu bila kupoteza kazi. Tanzania ina sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi tangu 2015, ila sheria haimfariji mtu anayeogopa meneja wake. Jumamosi moja pita kinuni, kaa na mama anayepika chai, salimia watu. Usimhoji mtu. Akikuambia kitu, usilitaje jina lake popote, hata kwa mjumbe unayemwamini.

Ukitoka hapo, fanya mambo kwa maandishi. Mwandikie mwenyekiti, nakala kwa katibu wa bodi, ukiomba nyaraka tatu: orodha ya wadaiwa yenye tarehe za ankara, taarifa za benki za miezi minne ya mwaka huu, na jedwali la kilo za mahindi, sembe na pumba kwa miaka miwili. Usitumie neno wizi wala udanganyifu. Sema unataka kuelewa kwa nini shughuli za biashara zimekula milioni 165 mwaka wa faida. Ni swali halali, na wajibu wa hesabu kisheria uko mabegani mwa wakurugenzi wote, pamoja na wewe, Mwalimu. Yakiharibika hakuna atakayekusamehe kwa kuwa hukusomea uhasibu. Nyaraka zikija na maelezo yakaeleweka, mshukuru meneja wa fedha mbele ya kikao, kwa sababu anastahili. Zikikataa kueleweka, bodi iazimie ukaguzi maalumu wa mtu asiyewahi kufanya kazi nanyi, na hadi ripoti itoke, gawio lisilipwe.

Orodha ya wadaiwa programu yoyote ya uhasibu huitoa kwa dakika chache. Ukiambiwa itachukua wiki tatu, hakikisha tarehe uliyoomba na tarehe uliyopewa zote mbili zinaingia kwenye muhtasari wa kikao.